Tunakata Hita Ili Tusilipe Kazi

Ukienda kutazama gari la zamani linalouzwa, muuzaji atakuwashia injini na kukutaka usikilize inavyonguruma. Msikilize kwa adabu, kisha inama uangalie nyuma kabisa ya injini, kwenye ukuta wa bati unaoitenganisha na miguu ya abiria. Hapo panatakiwa pawe na mipira miwili ya maji: mmoja unapeleka maji ya moto ndani ya gari, mwingine unayarudisha. Mara nyingi hutaikuta. Utakuta mpira mmoja uliopindwa, umetoka kwenye injini ukarudi kwenye injini ile ile, umebanwa kwa klipu mbili zilizoshika kutu. Kando yake vijibomba viwili vikavu vimetokeza ukutani, havina kazi. Hita ya gari hilo imekatwa. Ukiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Bosi, hita ya nini na joto hili?"

Jibu hilo linaingia akilini ukiwa Tanga mwezi wa pili. Lakini utalisikia pia Njombe, ambako Juni na Julai watu hulala na mablanketi mawili, na utalisikia Limuru, ambako asubuhi ukungu hulala barabarani hadi taa za gari lililo mbele zisionekane. Kama joto ndilo lingekuwa sababu, magari ya nyanda za juu yangekuwa na hita zake. Mengi hayana.

Kwa hiyo tuseme ukweli. Hita za magari yetu ya zamani hazikatwi kwa sababu nchi ni ya joto. Hukatwa kwa sababu kifaa chake kikianza kuvuja, kukibadilisha ni kazi ya siku mbili tatu nyuma ya dashibodi, na sisi wenye magari hatupendi kulipia kazi tusiyoiona kwa macho. Fundi analijua hilo kabla hatujashuka garini, kwa hiyo anatupa tunachoweza kukilipia: mpira mmoja, klipu mbili, nusu saa.

Kwanza tuelewane hita yenyewe ni nini, maana wapo wanaoidhani ni kitu cha umeme kama pasi. Katika magari mengi yanayopozwa kwa maji, hita ni rejeta ya pili. Mafundi huiita rejeta ya hita, na jina hilo linatosha kabisa. Ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, ina mirija myembamba na mapezi ya bati kama ile kubwa ya mbele. Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta ya gari huishia kuwa joto linalobebwa na maji ya injini. Maji hayo, yakiwa na nyuzi 80 hadi 95, hupitia koki, huingia kwenye rejeta ile ndogo, feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa ya moto hutokea miguuni au chini ya kioo cha mbele. Huchomi mafuta ya ziada. Unatumia joto ambalo lingetupwa barabarani.

Si kila gari lina kifaa hiki. Volkswagen Beetle, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa, haina maji wala rejeta. Joto lake hutoka kwenye mabomba ya moshi. Land Rover za mwanzo na Morris Minor zilitoka kiwandani hita ikiwa nyongeza ya kulipiwa, kwa hiyo ukikuta Land Rover ya shamba haina hita, huenda haikuwahi kuwa nayo, na hapo hakuna cha kulaumu. Ninayoyazungumzia ni magari yaliyozaliwa nayo yakanyang'anywa: Peugeot 504 zilizobeba abiria wa safari ndefu Kenya nzima, Datsun za walimu wakuu, na Mercedes-Benz za W123, zile zilizotengenezwa kati ya 1976 na 1986, karibu milioni 2.7 kwa jumla, ambazo ofisi za serikali na matajiri wa mikoani walizipenda kwa pamoja.

Nitaishika hiyo W123, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha wazi kwa nini fundi hukimbilia kisu.

Dalili huanza kidogo kidogo. Maji ya rejeta yanapungua lakini chini ya gari ni pakavu. Ndani ya gari kuna harufu tamutamu, hasa ukiwa umefunga vioo. Kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafutamafuta ambao kitambaa hakiutoi, kinausambaza tu. Baadaye kapeti la upande wa abiria linalowa, na ukilinyanyua unakuta bati limeanza kubadilika rangi. Rejeta ya hita inavuja. Ukiiacha, siku moja mrija utapasuka ukiwa mwendoni, na maji yaliyokaribia kuchemka yatamwagikia miguu ya aliyekaa pale. Hilo halihitaji mjadala: hita inayovuja haiendeshwi. Mjadala ni nini kifanyike baada ya hapo.

Katika W123 rejeta hiyo imefungiwa ndani ya sanduku la plastiki katikati ya gari, na sanduku limefunikwa na dashibodi nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kwa siku kadhaa. Betri inafunguliwa. Maji yanamwagwa kwenye chombo safi. Usukani unatoka. Bodi ya mita inavutwa kwa uangalifu, kwa sababu geji ya presha ya oili ya gari hili haisomi kwa waya wa umeme. Nyuma yake kuna kijibomba chembamba kinacholeta oili yenyewe kutoka kwenye injini, na fundi asiyejua hilo atakivunja na kulowesha nyaya zote. Waya wa spidi unafunguliwa. Droo ya kulia au ya kushoto, kutegemea usukani uko wapi, inatolewa, kisha redio, kisanduku cha majivu, mbao za mapambo, vitufe vya hewa. Ndipo dashibodi inaanza kulegea, nayo ina miaka arobaini ya jua. Ukiivuta kwa hasira inapasuka juu, na dashibodi nzima isiyopasuka ya gari hili siku hizi ni mali.

Fundi mmoja niliyekaa kumtazama alikuwa na trei tatu za mayai. Kila skrubu aliyoifungua aliiweka kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kufungua, na kwenye karatasi ya trei aliandika kwa kalamu ya wino: "mita", "droo", "mlingoti wa usukani". Njia za hewa alizipiga picha kwa simu kabla ya kuzigusa. Alipolifikia sanduku la hita alikuta limeunganishwa kwa vibanio vya chuma, akavitoa kimoja kimoja kwa bisibisi bapa huku kidole gumba cha mkono wa pili kikizuia kisiruke. Ndani, sponji zilizokuwa zikiizunguka rejeta ili hewa isipite pembeni zilikuwa zimekuwa unga mweusi. Rejeta yenyewe ilikuwa na doa la kijani kwenye kona moja, mahali shaba ilipolika. Kitu kidogo kuliko tofali kilikuwa kimelifanya gari lote lifunguliwe.

Siku hiyo sikumwona akikimbia. Alipopata kifaa kipya hakukirudisha moja kwa moja. Alikizamisha kwenye beseni la maji, akaziba mdomo mmoja na kupuliza upepo mdogo kwenye mwingine, akatazama kama kuna mapovu. Kifaa kipya kikija na tundu kutoka kiwandani, utalijua kwenye beseni, au utalijua baada ya kurudisha dashibodi nzima. Kisha akakata sponji mpya kwa mkasi, akabadilisha mipira yote miwili na raba za kwenye maungio, akajaribu koki kama inafunga. Vitu hivyo vikiwa vichakavu na ukaviacha kwa sababu "bado vinafaa", utarudi mle mle baada ya muda mfupi na kulipa upya.

Alipomaliza, gari lilionekana vilevile kama lilivyokuja. Kazi hii ikifanywa vizuri haionekani hata kidogo. Mtu akipaka gari rangi, majirani wanatoka kutazama. Akiweka rimu mpya, anapiga picha. Akishona viti vya ngozi, abiria wote wanasifu. Aliyebadilisha rejeta ya hita hana cha kumwonyesha mtu, isipokuwa upepo wa moto asubuhi ya baridi na kapeti kavu. Soko letu la ufundi limejengwa juu ya vitu vya kuonyesha, na kisichoonekana hakina bei.

Angalia tunavyopatana. Mteja akiambiwa spea ni kiasi fulani, ataguna lakini atatoa, kwa kuwa kuna boksi, kuna risiti, kuna kitu cha kushika mkononi. Akiambiwa kazi ni kiasi fulani, hapo ndipo vita huanza. "Kufungua na kufunga tu ndiyo bei hiyo yote?" Fundi naye amejifunza. Ameacha kudai haki yake kwenye kazi akaihamishia kwenye spea. Anakwenda dukani mwenyewe, anarudi na bei yenye cha juu, na mteja analipa akiamini ameshinda kwenye ufundi. Mpango huu unafanya kazi kwenye wota pampu, kwenye pedi za breki, kwenye shokomzoba. Haufanyi kazi kwenye hita. Kifaa chake ni cha bei ya kawaida, cha juu chake hakitoshi hata chai ya vijana wawili, na kazi yake ni ya siku tatu. Fundi mwenye watoto shuleni akipiga hesabu hiyo atakushauri nini? Atakwambia nchi hii ni ya joto.

Sitaki kumtwika fundi lawama hii. Yeye anauza kile ambacho mnunuzi amekubali kununua. Wala sitasema kwamba kule magari haya yalikozaliwa mambo ni mazuri zaidi. Ulaya gereji hutumia vitabu vinavyotaja saa za kila kazi, na mteja hutozwa saa hizo apende asipende. Matokeo yake ni kwamba gari la kawaida la miaka ishirini likivuja hita, gharama ya kazi inaweza kuipita bei ya gari lenyewe, na gari zima linapelekwa kwenye chuma chakavu kwa ajili ya kifaa kimoja kidogo. Huku kwetu gari kama hilo lingepindwa mpira mchana na jioni likabeba abiria. Tuikubali sifa hiyo. Ujanja wa mafundi wa Gerezani, wa Kirinyaga Road na wa soko la Kisekka umeyaweka barabarani magari ambayo wenzetu walikwisha kuyazika.

Na kwa teksi ya Temeke inayotafuta hesabu ya siku, kupinda mpira ni uamuzi wa busara. Mwenye gari hana siku tatu za kupoteza, hana baridi, na maji hayatamwagikia tena miguu ya mtu. Ninachomwomba ni mambo mawili tu. La kwanza, mpira upindwe uzunguke, usikatwe na kuzibwa ncha zake kwa bolti. Katika injini nyingi za zamani njia ya hita ndiyo inayoendelea kuzungusha maji wakati themostati, koki inayojifungua maji yakipata moto, bado imefunga. Ukiiziba, maji ya moto yanasimama mahali pamoja na themostati inachelewa kupata habari. La pili, iandikwe. Karatasi moja kwenye droo ya gari inayosema hita imetolewa njiani, mwezi na mwaka. Teksi ya Temeke leo inaweza kuwa gari la mwalimu wa Makete mwakani, na mwalimu huyo ana haki ya kujua anachonunua.

Tatizo ni kwamba kukata hita hakuji peke yake. Ni mmoja wa ndugu watatu. Wa pili ni kutoa themostati. Fundi anaitoa, anaitupa, anakwambia sasa maji yatazunguka huru na injini haitachemsha. Kweli maji yanazunguka, lakini injini haifikii joto lake la kazi. Mafuta yanatumika zaidi, oili inashika uchafu na unyevu, na silinda zinalika kabla ya wakati. Kama gari lilikuwa linachemsha, sababu yake ilikuwa rejeta iliyoziba, feni iliyolegea au gasketi ya silinda hedi, na sababu hiyo bado imo humo humo. Ndugu wa tatu ni maji ya bomba. Tunamimina kwenye rejeta maji ya kisima au ya mferejini mwaka baada ya mwaka, na maji yenye chumvichumvi huacha magamba kama yale ya ndani ya birika.

Magamba hayo hutafuta pa kukaa, na sehemu nyembamba kuliko zote kwenye mfumo mzima ni mirija ya rejeta ya hita. Ndiyo huziba kwanza na kulika kwanza. Shaba, chuma na aluminiamu vikikutana kwenye maji yasiyo na dawa, metali moja hula nyingine polepole. Kulanti ipo kwa ajili hiyo. Watu huiona ni kitu cha wazungu wa theluji kwa sababu chupa imeandikwa kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwetu namba hiyo haina maana. Chenye maana ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo, pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji matupu yaliyo wazi huchemka pale kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima wa rejeta unaoshika presha na kulanti ndani yake hukupa nafasi ambayo maji matupu hayakupi. Dawa hiyo huchoka, kwa hiyo kulanti ya aina ya zamani hubadilishwa kila baada ya miaka miwili mitatu, na huchanganywa na maji yaliyosafishwa yasiyo na asidi. Ikimwagwa ifunikwe, kwa kuwa ni tamu na ni sumu. Mbwa na watoto hawasomi lebo.

Kuna ndugu wa nne wa kambo: dawa za kuziba matundu ya rejeta, na ute wa yai kwa wasio na hela ya dawa. Huziba tundu, ndiyo. Huziba pia mirija iliyokuwa mizima, na ya hita ikiwa ya kwanza. Kabla ya kufikiria dawa au kisu, shika mipira miwili ya hita injini ikiwa ya moto na koki ikiwa wazi. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, rejeta imeziba, na huenda ikafunguka kwa kusukumwa maji kinyumenyume, taratibu, bila kung'oa chochote. Yote miwili ikiwa ya moto na kapeti limelowa, hakuna njia ya mkato; dashibodi itatoka.

Ukiyaweka haya pamoja, utaona kwamba hita ni kipimo cha afya ya mfumo wote wa maji. Injini isiyo na themostati haitoi joto la kutosha kwenye hita. Rejeta ya hita iliyoziba inakwambia maji yako ni machafu. Na dereva mwenye hita nzima ana akiba ambayo mwenzake hana. Akipanda mlima Kitonga nyuma ya lori na mshale wa joto ukaanza kupanda, anazima kiyoyozi, anafungua hita hadi mwisho na feni kwa nguvu yote, anashusha vioo na kuvumilia jasho mpaka apate pa kusimama. Rejeta ile ndogo inasaidia kubwa. Haiponyi injini iliyokwisha maji, lakini imewafikisha wengi kileleni. Aliyekata hita ameikata pia akiba hiyo, na anaikumbuka akiwa kando ya barabara na dumu mkononi.

Kisha kuna kioo. Barabara ya Limuru kwenda Mai Mahiu, au ya Njombe kwenda Makete wakati wa baridi: abiria wanne, pumzi zao, mvua nje, vioo vimefungwa. Kioo cha mbele kinaziba kwa ukungu ndani ya dakika chache. Magari mapya yana kiyoyozi cha kukausha hewa. Mengi ya zamani hayana, au kilikufa zamani. Hewa ya moto chini ya kioo ndiyo njia pekee ya dereva wake ya kuona. Dereva anayefuta kioo kwa mkono wa kushoto, usukani ukiwa kwenye wa kulia na shimo likiwa mbele yake, ameongozwa hapo na fundi aliyemwambia hita ni anasa.

Wenye wajibu mkubwa zaidi hapa ni wale wanaojiita wapenzi wa magari ya zamani. Kundi hili limekua. Maonyesho ya Africa Concours d'Elegance huwakusanya Nairobi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na tangu 2003 East African Safari Classic Rally imeyarudisha magari ya kale kwenye vumbi la Kenya na Tanzania. Yana haki ya kuheshimiwa. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudi kushinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 ikachukua 1975 na 1978. Joginder Singh alishinda na Volvo mwaka 1965, kisha na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Historia hiyo ni yetu kama ilivyo ya viwanda vilivyoyatengeneza.

Lakini mpenzi wa gari la zamani anayelipia kromu ing'ae huku nyuma ya injini mpira umepindwa, anapenda nini hasa? Gari la kale thamani yake ni ukamilifu wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kwa kawaida magari ya kale yaliyomo nchini humo ndiyo hayo hayo, na kila kifaa kinachong'olewa na kutupwa kinapungua kwenye akiba ya wote. Mwenye teksi ana kisingizio cha hesabu ya jioni. Mwenye gari la maonyesho hana.

Yeye pia ndiye anayeweza kuokoa ufundi unaokaribia kupotea. Rejeta za hita za magari mengi ya zamani ni za shaba zilizounganishwa kwa risasi na bati. Fundi rejeta anayejua kazi anaweza kufungua vichwa vyake, kupitisha ubapa wa chuma kwenye kila mrija kutoa magamba, kulehemu mahali palipolika, au kuweka mirija mipya kati ya vichwa vya zamani. Za siku hizi ni za aluminiamu na vichwa vya plastiki. Zikivuja hutupwa, kwa hiyo vijana wanaoingia kwenye ufundi hawana sababu ya kujifunza kulehemu shaba. Wazee wanaojua bado wapo. Wakikosa wateja watafunga mabanda, na baada yao mwenye Peugeot 504 atakuwa na njia moja tu, kupinda mpira.

Tiba ninayoipendekeza haihitaji sheria mpya. Tutenganishe bei ya spea na bei ya kazi, ziandikwe mbali mbali, na kazi ihesabiwe kwa siku au kwa saa kabla bisibisi haijaguswa. Mteja anunue spea mwenyewe akitaka, au amlipe fundi wazi kwa kumtafutia. Cha juu cha kificho kife. VETA na vyuo vya ufundi vya jirani zetu, vinavyofundisha vijana kufungua injini, viwafundishe pia kukadiria muda wa kazi na kuudai bila aibu. Vyama vya wenye magari ya zamani vikusanye kumbukumbu za kazi kama hizi, gari gani lilichukua siku ngapi mikononi mwa fundi makini, ili mwanachama akipewa bei ajue kama anaonewa au anaonea.

Na mteja abadilike kwanza, kwa sababu pesa iko kwake. Tukiendelea kulipa kwa ukarimu kwa kinachong'aa na kubana kwa kilichofichika, tutaendelea kuendesha magari mazuri nje yaliyokatwakatwa ndani, na tutaendelea kuwafundisha mafundi bora kwamba uangalifu haulipi. Aliye na trei za mayai atashindwa na aliye na kisu, si kwa sababu ya ujuzi, bali kwa sababu sisi tumeamua nani ale.

Siku rejeta ya hita ya gari lako itakapovuja, usianze kuuliza kifaa ni bei gani. Uliza kazi itachukua siku ngapi. Akisema tatu, mlipe siku tatu.